Tusiisingizie baridi kila kifua kinapobana

Ukipita Liwatoni alfajiri ya mwezi wa Julai, wakati upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini na manyunyu yanaanguka na kukoma, utawaona watu wamejikunyata kana kwamba wako Limuru. Huyu kavaa sweta, yule kajitanda shuka, na mama aliyembeba mtoto kamfunika gubigubi hata pua haionekani. Ukitazama kipimajoto utakuta nyuzi 21 au 22 za sentigredi. Jamaa zetu wa Nairobi, ambao usiku wa mwezi huo huo kwao hushuka hadi nyuzi 11 au 12, hutucheka wakashika mbavu.

Mimi siwacheki watu wa Mombasa, kwani baridi ni mazoea. Linalonikera ni jambo jingine. Katika msimu huu mtu akikohoa tu, hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi: kapigwa na baridi. Mtoto akihema kwa shida, ni baridi. Kijana akikonda na kutokwa jasho usiku kwa mwezi mzima, baridi imemwingia mifupani. Hata lugha yetu imekwisha kuibebesha mzigo huo, ndiyo maana ugonjwa wa viungo tunauita baridi yabisi, ijapokuwa mgonjwa wake huenda hajawahi kuiona barafu.

Nililelewa katika imani hiyo. Bibi yangu alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, na yeyote kati yetu aliyekohoa alichuliwa kifua, akafungwa kitambaa, madirisha yakafungwa, na jiko la makaa likaletwa chumbani. "Ni kusi hiyo mwanangu, imekuingia kifuani," alikuwa akisema. Nasi tulipona, wengi wetu. Hiyo ndiyo nguvu ya imani kama hizi. Vikohozi vingi huisha vyenyewe, na sifa huenda kwa mafuta ya karafuu. Watoto ambao hawakupona hawapo leo kutoa ushahidi wa upande wa pili.

Rai yangu ni kwamba baridi tunaitwika hatia nyumbani, ambako mchango wake ni mdogo, na tunaisamehe kazini, ambako inaumiza mapafu ya watu kweli kweli. Liwatoni ni mahali pazuri pa kuyatazama mambo haya mawili kwa pamoja, kwa sababu hapo kuna watu wanaoishi na upepo wa bahari, na hapo ndipo kwenye bandari ya samaki, na penye samaki hapakosi barafu na vyumba vya kugandishia.

Tuanze na pua. Wengi wetu tunaidhania kuwa ni tundu la kunusia tu, kumbe ni jiko na birika kwa pamoja. Hewa unayoivuta inatakiwa ifike ndani ya mapafu ikiwa na joto la mwili, yaani nyuzi 37, na ikiwa imejaa unyevu, takriban gramu 44 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya Mombasa ya Julai, hata ile ya alfajiri, huingia puani ikiwa tayari na zaidi ya gramu 15, na pua humalizia iliyobaki bila jasho. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, hiyo si kazi ya kumtisha.

Sasa ingia katika chumba cha kuhifadhia samaki waliogandishwa. Kanuni za kimataifa zinataka samaki hao wakae katika nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Hewa ya namna hiyo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 1 hivi ya maji katika mita ya ujazo. Ni kavu kuliko hewa ya jangwani. Mtu akiwa amekaa kitako huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, lakini kibarua anayepanga makreti ya jodari anaweza kuvuta lita 40 au kupita. Hapo pua haitoshi tena, mdomo hufunguka wenyewe, na hewa kavu, ya barafu, hushuka moja kwa moja kwenye mirija ya pumzi.

Inayoingia ndani hudai maji yake. Utando mwembamba wa majimaji unaolainisha mirija hiyo hukauka, chumvi yake inakolea, na seli za ulinzi zilizo chini yake hushtuka na kumwaga kemikali, ikiwemo histamini, ile ile inayomfanya mtu awashwe na kuvimba akiumwa na nyuki. Misuli inayozunguka mirija hujikaza na utando huvimba. Vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi na vumbi kwenda nje navyo hufanya kazi polepole vikipoa. Kwa mtu mzima wa afya, haya huleta kikohozi kikavu na kamasi, kisha hupita. Kwa mwenye pumu, ambaye mirija yake ina uvimbe wa siku zote hata asipoumwa, huo ni mwito wa shambulio.

Je, vipi kwa asiye na pumu anayefanya hivyo kila siku, mwaka baada ya mwaka? Hatuna haja ya kubahatisha. Wako watu duniani wanaovuta hewa baridi kwa wingi kuliko wengine wote, nao ni wanamichezo wa nchi za theluji wanaokimbia kwa mbao miguuni kwa masafa marefu. Mwaka 1993 watafiti wa Sweden waliripoti kwamba pumu ilikuwa nyingi mno miongoni mwa wakimbiaji hao, vijana wenye vifua ambavyo wewe na mimi tungevitamani. Basi ikiwa hewa baridi huwafanya hivyo watu walioshiba na wenye madaktari wao, sembuse kuli wetu anayelipwa kwa siku?

Nina jirani, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyefanya kazi katika ghala moja la samaki ambalo sitalitaja, na ambalo haliko Liwatoni. Koti la baridi lilikuwa moja kwa watu watatu, wakipokezana mlangoni, likiwa na jasho la aliyetoka. Buti alijinunulia mwenyewe Kongowea. Aliingia na kutoka mara nyingi kwa zamu moja, kutoka nyuzi 18 chini ya sifuri hadi nyuzi 27 za jua la mchana, tofauti ya nyuzi 45, kana kwamba mtu anasafiri kutoka Mombasa hadi ncha ya dunia na kurudi kila baada ya robo saa. Alipoanza kukohoa na kupiga miluzi kifuani usiku, mwenzake alimshauri anywe tangawizi. Msimamizi alimwambia atazoea. Hakuzoea. Alikuja kugunduliwa ana pumu baada ya miezi minane, na kufikia hapo alikuwa amekwisha kuacha kazi, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa chochote.

Tena baridi ya maghala haya haiji peke yake. Samaki, kaa na kamba wanapokatwa, kuchemshwa au kuoshwa kwa maji ya nguvu, chembe ndogo za protini zao hupaa hewani, na mtu akizivuta kwa muda mrefu mwili wake unaweza kuzikataa na kuota pumu ya kazini. Hili limechunguzwa Canada na Alaska kwa wachakataji wa kaa, na hapa kwetu Afrika Profesa Mohamed Jeebhay wa Chuo Kikuu cha Cape Town amelifuatilia kwa wafanyakazi wa viwanda vya samaki vya pwani ya magharibi ya Afrika Kusini. Isitoshe, mitambo mingi mikubwa ya kugandisha hutumia gesi ya amonia, ambayo ikivuja huchoma macho na mapafu papo hapo. Mfanyakazi ambaye mirija yake imekwisha kukaushwa na baridi hukutana na mambo haya akiwa hana ngao.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga yanayofaa kwa mfanyakazi anayekabiliwa na unyevu au kitu cha kudhuru: glavu, viatu, miwani, kifuniko cha kichwa. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya fidia kwa wanaoumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Lakini fidia huhitaji daktari aandike kwamba ugonjwa umetokana na kazi, na daktari hawezi kuandika ikiwa hakuuliza, na mgonjwa hawezi kusema ikiwa anaamini kwamba aliyemdhuru ni upepo wa kusi. Hapo ndipo imani yetu ya nyumbani inapowasaidia wenye maghala bila wao kutoa hata senti.

Gharama zenyewe wala si za kutisha. Koti la mtu mmoja mmoja. Kitambaa cha sufi au barakoa ya kufunika mdomo na pua, ambayo hunasa joto na unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudishia ile inayoingia. Zamu fupi ndani, na mahali pa kupumzikia pasipo na kiyoyozi. Kipimo cha pumzi wakati mtu anapoajiriwa, na kingine kila mwaka. Mwajiri anayeweza kununua jokofu la kutunza tani za jodari zisiharibike hawezi kuniambia kwamba mapafu ya anayezipanga yamemshinda bei.

Nawe kibarua unayesoma haya, tazama jambo moja: kikohozi chako kinapungua siku ya mapumziko na kurudi siku ya kwanza ya kazi? Mwambie daktari maneno hayo hayo, usingoje akuulize. Ukipewa dawa ya kuvuta, ijue kazi yake. Ile ya bomba la bluu hufungua mirija kwa saa chache, lakini haitulizi uvimbe. Dawa ya kutuliza uvimbe ni nyingine, ya steroidi, nayo huvutwa kila siku hata siku ambayo hujisikii vibaya. Wengi hapa mjini huinunua ya bluu pekee miaka nenda miaka rudi, wakiambizana kwamba ile nyingine "humzoesha mtu". Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa bomba la bluu peke yake, kwa sababu watu wamekufa nalo mkononi.

Na kikohozi kinachozidi wiki mbili, pamoja na kukonda, homa au jasho la usiku, kisiitwe baridi wala pumu kabla makohozi hayajapimwa kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Sasa turudi nyumbani, kwa yule mtoto aliyefunikwa gubigubi.

Homa ya mapafu, au nimonia, huletwa na viini: bakteria na virusi. Baridi haizai viini. Kwamba watu wamelishuku jambo hili zamani ni kweli, na wataalamu walilipima. Huko Salisbury, Uingereza, kulikuwa na kituo cha kuchunguza mafua kilichofanya kazi kuanzia 1946 hadi 1990. Watu waliojitolea walioga maji ya moto, kisha wakasimamishwa kwenye vijia vya upepo wakiwa wamelowa, na kuachwa na soksi za maji miguuni. Hawakuugua zaidi ya wenzao waliokaa mahali pa joto. Hata hivyo nisiifiche nusu ya pili ya hadithi. Mwaka 2005 huko Cardiff watu 90 walitia miguu katika maji baridi kwa dakika 20, na katika siku chache zilizofuata asilimia 29 walilalamika dalili za mafua, ikilinganishwa na asilimia 9 ya wale 90 ambao hawakuloweka. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, nao walionyesha kwa seli za panya kwamba kirusi cha mafua ya kawaida huzaana vizuri zaidi katika nyuzi 33 kuliko 37, kwa kuwa ulinzi wa mwili hulegea seli zikipoa. Kwa hiyo baridi yaweza kumfungulia mlango mgeni ambaye tayari yuko barazani. Mgeni mwenyewe haimleti.

Na ushahidi ulio karibu zaidi uko Kilifi, mwendo wa saa moja na ushei kutoka hapa. Watafiti wa KEMRI huko wamefuatilia kwa miaka mingi kirusi kiitwacho RSV, ambacho ni miongoni mwa visababishi vikuu vya uvimbe wa mapafu kwa watoto wachanga. Kwa kawaida wimbi lake pwani huanza mwishoni mwa mwaka na kushika kasi katika miezi ya kwanza ya mwaka. Hiyo ni miezi ya kaskazi, msomaji. Ni miezi ya joto, ya kulala darini na kujipepea. Aliyemlinda mwanawe na kusi akamwachia kaskazi amefunga dirisha akaacha mlango wazi.

Kinachonitia hofu ni kile tunachokifanya kwa kuikimbia baridi. Katika nyumba za Mji wa Kale, ambako vijia ni vyembamba na vyumba vya ndani havina upepo wa kutosha hata siku ya kawaida, dirisha likifungwa, jiko la makaa likaingizwa, chetezo kikatiwa ubani na udi kwa ajili ya mzazi, na dawa ya mbu ya kuzungusha ikawashwa chini ya kitanda, mtoto mchanga anavuta moshi wa aina tatu usiku kucha. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa nyumbani huongeza karibu maradufu hatari ya mtoto kupata maambukizi ya mapafu. Naipenda harufu ya udi kama mtu yeyote wa mji huu, na sitaki kuona chetezo kikitupwa. Kifukizwe sebuleni, mtoto akiwa kwingine. Jiko la makaa chumbani sina huruma nalo, maana gesi yake isiyo na harufu imekwisha kuua jamaa nzima wakiwa usingizini.

Zaidi ya moshi kuna msongamano. Mvua na upepo hutukusanya ndani, na matatu hufunga vioo, hivyo pumzi ya mmoja inakuwa ya wote. Serikali ililielewa hilo wakati wa korona, ilipojenga daraja la kuelea la waenda kwa miguu kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, Likoni, lililofunguliwa Januari 2021 ili kupunguza halaiki ya watu kwenye feri. Siku zile hakuna aliyesema tunakimbia baridi. Tulijua tunakimbia pumzi za wenzetu. Ujuzi ule umeyeyuka upesi mno.

Kinga iliyofanya kazi kubwa kuliko sweta zote za mji huu hutolewa kwa sindano katika zahanati. Kenya ilianza chanjo ya bakteria wa Hib mwaka 2001, na ile ya nimokokasi mwaka 2011, na zote hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba magonjwa mazito ya nimokokasi ya aina zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Upepo wa kusi haukubadilika katika miaka hiyo. Mama anayesita kumtoa mtoto kwa ajili ya chanjo kwa kuwa "leo kuna baridi" anafanya biashara ya hasara.

Basi usiku mtoto akikohoa, usiguse paji la uso pekee. Mfunue nguo kifuani akiwa ametulia au amelala, shika saa, na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, 40 au zaidi. Tazama pia chini ya mbavu: pakibonyea ndani kila anapovuta hewa, mapafu yanashindwa. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayelegea asiamke vizuri au aliyepatwa na degedege, huyo hana subira ya asubuhi wala ya mafuta ya karafuu. Mchukue hospitalini usiku huo huo, na ukiwa njiani mfunike, ndiyo, lakini mwachie pua.